Bomba Lilipohamishwa: Mhadhara Kuhusu Taka Hatarishi za Viwanda vya Kemikali

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, habari za asubuhi. Nimeambiwa ukumbini humu mmo wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa mwisho, na mmo pia mafundi na wasimamizi wa zamu walioacha mitambo ili waje kunisikiliza. Ahsanteni sana.

Nianze na pipa. Lile la bluu, la plastiki, lita 200, ambalo wengi wenu ama mnalo nyumbani au mmekulia kwenye nyumba yenye nalo. Mama yangu alinunua moja sokoni nilipokuwa darasa la tano, maji ya bomba yakitoka mara mbili kwa wiki. Akalisugua kwa sabuni na mchanga, akalianika juani siku mbili. Maji ya kwanza yalinuka rangi, tukayamwaga. Ya pili yakanuka kidogo. Ya tatu tukasema hayanuki tena, kumbe pua zetu ndizo zilizozoea. Ubavuni palikuwa na kibandiko kilichochanwa, imebaki pembe moja ya alama na herufi chache tu. Tulinywa maji ya pipa lile miaka. Kwenye vitabu vya kiwanda lilikotoka, taka ile ilikwisha siku lilipotoka getini. Kwetu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Basi nilichokuja kukisema ni hicho: taka kuhama si taka kwisha. Na nitawapeleka mbali kidogo, Japani, kwa sababu kuna mji mmoja ambao jambo hili limeandikwa kwenye miili ya watu wake.

Mji huo unaitwa Minamata, kusini-magharibi mwa Japani, mkoa wa Kumamoto. Ni mji wa wavuvi, na ulikuwa pia mji wa kiwanda kimoja cha kemikali, Chisso. Mwaka 1932 kiwanda kilianza kutengeneza asetaldehaidi, kemikali ya kutengenezea kemikali nyingine, kutokana na gesi ya asetilini, na kichocheo chake, yaani kitu cha kuharakisha kazi, kilikuwa zebaki. Maji machafu ya mtambo yakaenda kwenye ghuba, pale bandari ndogo ya Hyakken. Kila siku, miaka na miaka.

Miaka ya 1950 ilipoanza, dalili za kwanza hazikuwa kwa watu. Samaki walielea. Kunguru walianguka kutoka angani. Paka waliokula masalia ya samaki walizunguka, wakatetemeka, wakajirusha baharini, hata wenyeji wakasema paka wana ugonjwa wa kucheza. Kisha Aprili 1956 mtoto wa kike wa miaka mitano akapelekwa hospitali ya kiwanda hawezi kutembea, hawezi kuzungumza sawasawa. Tarehe 1 Mei 1956, mkuu wa hospitali hiyo, daktari Hosokawa Hajime, akatoa taarifa kwa ofisi ya afya kwamba kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu usiojulikana chanzo chake.

Sasa nisikilizeni wahandisi, maana hapa ndipo penye somo letu. Minong'ono ilipozidi kuwa sumu inatoka kiwandani, mwezi Septemba 1958 kiwanda kilibadilisha njia ya maji yake. Badala ya Hyakken, yakapelekwa mlangoni mwa mto Minamata, upande mwingine wa mji. Nadhani mnaona kitakachofuata. Mwaka uliofuata wagonjwa wapya wakaanza kuonekana kwenye vijiji vya kaskazini ambako hapo awali hakukuwa na mgonjwa, kwa kuwa mkondo wa bahari ulikuwa umechukua kilichomwagwa ukakitembeza. Mtu akitaka kupanga jaribio la kuthibitisha kwamba chanzo ni maji ya kiwanda, asingepata jaribio bora kuliko hilo. Ila jaribio hilo lilifanywa kwa watu.

Julai 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto wakatamka: ni zebaki ya kikaboni, yaani zebaki iliyoungana na kaboni. Kampuni ikajibu kwamba inatumia zebaki isiyo ya kikaboni, kwa hiyo hiyo nyingine haiwezi kuwa yao. Nawaomba wanafunzi mlitafakari jibu hilo, kwani lina sura ya kisayansi kabisa. Kosa lake ni kuangalia kinachoingia mtamboni na kuacha kuangalia kinachotoka. Ndani ya mtambo ule ule, sehemu ndogo ya zebaki ilikuwa inageuka kuwa methili zebaki, ambayo ni zebaki ya kikaboni, nayo ndiyo inayopanda kutoka kwa wadudu wa majini hadi samaki, kutoka samaki hadi sahani, kutoka damu ya mama hadi ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mhandisi anayesoma kibandiko cha malighafi tu hajui taka yake. Anajua nusu ya kwanza ya habari.

Hosokawa yeye alitaka kujua nusu ya pili. Alichukua maji ya mtambo wa asetaldehaidi, akayachanganya na chakula cha paka. Paka huyo alikuwa na namba, 400. Oktoba 1959 paka 400 akaanza kutetemeka na kuzunguka kama wale wa kijijini. Daktari akapeleka habari kwa wakubwa wake, akaambiwa majaribio hayo yasiendelee, na matokeo hayakutangazwa. Mwaka 1970, akiwa kitandani anaugua ugonjwa wake wa mwisho, alitoa ushahidi wa yote haya kwa ajili ya kesi ya wagonjwa. Nikimfikiria daktari yule nashindwa kumhukumu haraka. Alifanya kazi iliyo sahihi, kisha akakaa nayo kimya miaka kumi na moja. Ninyi mtakaopata kazi viwandani, siku moja mtashika karatasi ya maabara yenye namba mbaya. Fikirieni leo, mkiwa mmetulia, mtampelekea nani akishaikataa bosi wa kwanza.

Desemba mwaka huo huo kampuni ilizindua mtambo wa kusafisha maji, ukiitwa Cyclator. Kukawa na sherehe, na rais wa kampuni akanywa bilauri ya maji mbele ya wageni kuonyesha usafi wake. Maji yale hayakuwa ya mtambo wa asetaldehaidi. Na mashine yenyewe haikubuniwa kuondoa zebaki ya kikaboni iliyoyeyuka majini. Nchi nzima ikatulia, ikaamini kwamba tatizo limekwisha. Zebaki ikaendelea kutoka hadi Mei 1968, kiwanda kilipoacha kuzalisha asetaldehaidi kwa sababu teknolojia yake ilikuwa imepitwa na wakati. Septemba mwaka huo, tarehe 26, ndipo serikali ya Japani ilipotamka rasmi kwamba chanzo ni Chisso. Katikati ya hapo, mwaka 1965, ugonjwa ule ule ulikuwa umetokea Niigata, mto Agano, kutokana na kiwanda cha kampuni nyingine chenye kazi ile ile.

Niwaambie jambo moja ambalo mimi kama mama limenikaa moyoni. Madaktari waliamini kwamba kondo la nyuma linamkinga mtoto dhidi ya sumu. Minamata walizaliwa watoto waliopooza, na mama zao wakionekana wazima. Daktari mmoja wa Kumamoto, Harada Masazumi, ndiye aliyefuatilia jambo hilo mpaka likathibitika. Na Wajapani wana desturi: kitovu cha mtoto kikikauka, hawakiziki chini ya mgomba wala uani, wanakihifadhi ndani ya kijisanduku cha mbao. Watafiti wakaviomba vitovu vile, wakavipima, wakakuta methili zebaki imo, miaka baada ya mtoto kuzaliwa. Sisi tunasema kwetu ni pale kitovu kilipozikwa. Basi kwa watoto wale taka ya kiwanda ilikuwa imeshafika hata huko.

Watu zaidi ya 2,200 walitambuliwa rasmi kuwa wagonjwa, mbali na makumi ya maelfu waliolipwa kwa mipango mingine. Na ghuba je? Kuanzia 1977 hadi 1990 walichimba tope la baharini, mita za ujazo kama milioni moja na nusu, wakaligharamia yeni bilioni 48.5. Wakalipeleka wapi? Hapo hapo. Walizungushia sehemu ya ghuba kuta za chuma, wakamimina tope humo, wakafunika kwa udongo safi, ikapatikana hekta 58 za ardhi mpya. Leo ni bustani, watu wanakimbia mazoezi juu yake. Zebaki iko chini. Chuma kinaliwa na maji ya chumvi, kwa hiyo kuta zile zinabidi zikaguliwe na kutunzwa na watu ambao hawajazaliwa bado.

Naona mkono. Kaka pale nyuma anauliza, kwani kuna taka inayokwisha kweli? Ipo, na ndiyo kazi yetu kuijua. Vimumunyisho na viuatilifu vilivyochina, ambavyo ni molekuli za kikaboni, vinaweza kuvunjwa kabisa kwenye tanuri lililojengwa kwa kazi hiyo, nyuzijoto 1,100 kwa vile vyenye klorini nyingi, moshi ukikaa humo angalau sekunde mbili, kisha ukaoshwa. Kuchoma kwenye shimo nyuma ya kiwanda si huko. Shimo la moto hafifu linatengeneza dayoksini, yaani unapata sumu mbaya kuliko uliyoanza nayo. Ukali wa asidi unaondolewa kwa chokaa. Sianidi inavunjwa kwa klorini ndani ya maji yenye alkali, na ole wake atakayeiunganisha na mfereji wa asidi, maana inatoka gesi inayoua kabla hujafika mlangoni.

Metali ndizo hazifi. Zebaki, risasi, kromi, kadmiamu, ukichoma zinabaki au zinapaa, ukizika zinabaki. Kwa kromi ya viwanda vya kupaka metali tunaigeuza kutoka ile kali, kromi sita, kuwa kromi tatu, tunaongeza chokaa, inatuama kama tope. Kazi nzuri. Lakini tope lipo! Linachanganywa na saruji ligande, linakwenda kwenye dampo lililotandikwa chini kwa ajili yake, na linaandikwa. Nani kalitoa, nani kalibeba, nani kalipokea, na kila mmoja ana nakala. Ile hati ya usafirishaji wengi huiona ni usumbufu wa maofisa wa mazingira. Mimi naiona ndiyo kumbukumbu pekee ya taka isiyokufa.

Tusidhani haya ni ya Japani peke yake. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilisambaza sumu ya madini ya risasi kwa majirani wa ukuta kwa ukuta, na Julai 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Abidjan, Ivory Coast, Agosti 2006, meli ya Probo Koala ilishusha taka ambazo Amsterdam ilitaka bei kubwa kuzisafisha. Zikamwagwa usiku sehemu mbalimbali za mji. Na zebaki yenyewe iko kwenye karai za wachimbaji wetu wadogo wa dhahabu, Geita na Chunya, inachomwa kwenye makaa mtoto akiwa mgongoni. Mkataba wa dunia wa kuidhibiti umepewa jina la Minamata. Ulisainiwa 2013, ukaanza kutumika 2017.

Nimalizie na pipa langu. Nilipopewa usimamizi wa bohari ya kemikali, kitu cha kwanza nilichoomba kilikuwa msumari wa chuma na nyundo. Pipa likiisha tunalisuuza mara tatu, maji ya suuza yanarudi mtamboni au kwenye tangi la taka, kisha linatobolewa. Wiki ya kwanza mlinzi wa getini, mzee wa heshima zake, alinifuata.

"Mwanangu, mnayaharibu ya nini? Mimi nina wajukuu saba na maji hatuna. Niuzie hata mawili."

Sikuwa na hotuba. Nilimwambia, "Mzee, hili lilikuwa na fenoli." Akaniuliza fenoli ni nini. Nikamwonyesha kovu mkononi mwangu, hapa, la tone moja.

Mwisho wa mwezi tulichangishana pale bohari, tukamnunulia pipa jipya dukani. Tangu hapo hakuna pipa letu lililopita geti lile bila yeye kuinama, kulizungusha na kuhesabu matundu.