Jane Eyre na Habari ya Nyumba: Niliyoyasema Malindi

Asalaam aleikum jamani, mlioko mlangoni ingieni, viti viko huku mbele.

Kitabu chetu leo ni Jane Eyre, Charlotte Brontë alikitoa 1847 huko Uingereza, na najua wengi mmekuja manake mmesikia ni hadithi ya mapenzi. Ni ya mapenzi kweli, lakini mimi kilichonikaa kichwani ni pesa. Jane ni yatima wa miaka 18, ameajiriwa kufundisha mtoto nyumbani kwa Bwana Rochester kwa pauni 30 kwa mwaka. Mwenyewe Rochester anakaribia 40, ana jumba, na ana mke amemfungia gorofa ya juu, Jane hana habari. Hapa Malindi mapenzi ya mzee na msichana twayaona kila jioni ufuoni, na kila mtu ajua bili yalipwa na nani.

Sasa sikizeni hapa. Wamechumbiana, Rochester ampeleka dukani ataka kumnunulia kanzu sita za hariri, Jane akabembeleza weee mpaka zikawa mbili, mzee achagua hariri ya zambarau na satini ya waridi zang'aa hizo, Jane akakataa akachukua satini nyeusi na hariri ya kijivu. Akimtazama mwanamume anavyotabasamu amuona kama sultani na mtumwa wake aliyempamba dhahabu (hapo masultani nao wakaingizwa bure). Akarudi nyumbani akamwandikia ami yake alioko kisiwa cha Madeira, akitumaini siku moja atapata chake mwenyewe asiwe wa kuvishwa tu. Na barua hio ndo ilovunja ndoa! Ami alimwambia kakake yule mke wa gorofani, harusi ikasimamishwa kanisani.

Najua kuna mtu ashasema moyoni, si angekuwa bi mdogo tu yaishe? Kwanza sheria yao haikubali, pili hata kwetu bi mkubwa hafungiwi darini.

Jane aliondoka alfajiri na shilingi 20, kifurushi akakisahau garini, akalala nje, akaomba uji uliokuwa watupiwa nguruwe, astaghfirullah. Nikamkumbuka nyanya yangu wa Lamu. Kwa waungwana wa kule baba mwenye uwezo amjengea binti nyumba, mume ndo ahamia, kwa hivo mkigombana anayetoka na kanzu begani ni yeye. Jane angekuwa na vyumba viwili tu vya mawe kitabu kingeisha sura ya kumi.

Lakini hata pesa pekee haitoshi, manake Bertha, huyo mke wa kwanza, alitoka Jamaica na pauni 30,000, zikaenda kwa mume, yeye akapewa chumba chenye kufuli. Huyu simsamehei Rochester hata kidogo, ampende Jane vipi.

Jane baadaye arithi pauni 20,000 za yule ami, agawana na binamu zake watatu, arudi amkuta Rochester kipofu na Bertha ashakufa, amwambia ukikataa nikae kwako nitajijengea nyumba hapa karibu na mlango wako uwe waja kunitembelea. Hapo nilipiga meza! Halafu akaolewa, na sheria yao kabla haijabadilishwa 1870 na 1882 pesa za mke zilikuwa za mume, kwa hivo pauni 5,000 za Jane nazo ndo hizo, na Brontë kanyamaza kimya.

Dada pale nyuma ameinua mkono tangu nimtaje Bertha, hebu mpeni maiki.