Kuusoma Uzalishaji wa Sekta Binafsi kwa Robo Mwaka

Assalaam alaykum. Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, ndugu wafanyabiashara na wanafunzi mliofika hapa Chake Chake,

Taarifa ya pato la taifa la robo mwaka inapotolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, inayozungumzwa redioni na mabarazani huwa ni namba moja tu, yaani asilimia ya ukuaji. Rai yangu ni kwamba asilimia hiyo haimfai mtu mpaka ajue inapima nini na imelinganishwa na robo ipi.

Kinachopimwa si mauzo, bali ni thamani iliyoongezwa. Tuchukulie hoteli ya Paje imenunua pweza kwa mvuvi kwa shilingi 20,000, ikatumia shilingi 10,000 za viungo, gesi na umeme, kisha ikauza sahani za pweza huyo kwa jumla ya shilingi 70,000. Mchango wa hoteli ni zile shilingi 40,000 zilizobaki, ambazo ndizo zinazolipa mishahara na kuacha faida. Fedha ya pweza imeshahesabiwa upande wa uvuvi, na tukijumlisha mauzo yote, pweza mmoja atahesabiwa mara mbili.

Hesabu hizi hupangwa kwa shughuli: kilimo, uvuvi, ujenzi, malazi na huduma za chakula, utawala wa umma na nyinginezo. Marekani, ofisi yao ya takwimu za uchumi, Bureau of Economic Analysis, hutenga waziwazi viwanda na huduma za watu binafsi na zile za Serikali. Kwetu msomaji hana budi kupambanua mwenyewe, na hapo karafuu huwapoteza wengi. Kwa kuwa mnunuzi ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, mtu hudhani zao zima ni la Serikali. Lakini mkulima ndiye anayepalilia shamba, anayewalipa wachumaji na anayeanika majamvini, na thamani inayopatikana hapo ni uzalishaji wa sekta binafsi.

Sasa niingie kwenye msimu, ambako ndiko kwenye kazi kubwa. Wageni huwa wengi kuanzia Juni hadi Oktoba na hupungua wakati wa masika, kwa hiyo kuilinganisha robo ya tatu na ya pili ni kupima kalenda, si uchumi. Ndiyo maana robo hulinganishwa na robo kama hiyo ya mwaka uliotangulia, tena kwa bei za mwaka wa kizio, yaani mwaka mmoja uliochaguliwa kuwa msingi wa kulinganishia, ili kupanda kwa bei kusionekane kuwa ni kuongezeka kwa uzalishaji.

Njia hii ni nzuri, lakini haiumalizi msimu wote. Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2022 mfungo wote uliangukia robo ya pili. Mwaka 2025 wote uliangukia robo ya kwanza. Mikahawa inayofunga mchana, na maduka ya nguo yanayojaa watu kuelekea Sikukuu, yamehamisha shughuli zao kutoka robo moja hadi nyingine bila ya uchumi wenyewe kukua wala kusinyaa. Karafuu nayo huzaa sana mwaka mmoja, ikapumzika mwingine. Naamini mchambuzi wa Zanzibar asiyetazama mambo haya mawili atakosea hata akiwa hodari wa hesabu.

Vilevile tazameni robo iliyolinganishwa ilikuwaje. Robo ya pili ya mwaka 2020 utalii ulikwama kwa sababu ya korona, hivyo ukuaji wowote wa malazi uliopimwa kutokea hapo lazima uonekane mkubwa. Na msiuweke ukuaji wetu sambamba na ule wa Marekani bila ya kuugeuza kwanza: wao hutangaza badiliko la robo moja kana kwamba litaendelea kwa robo nne, hata asilimia 1 huwa karibu asilimia 4.1.

Mwisho ni madodoso, yaani fomu za maswali ya takwimu zinazojazwa na wenye biashara. Takwimu za awali ni makadirio, na hurekebishwa kadiri taarifa za biashara zinavyofika. Nyumba ya wageni isiyojibu dodoso hukadiriwa, na makadirio hayawezi kujua kwamba imeongeza vyumba. Misingi ya takwimu rasmi ya Umoja wa Mataifa inataka taarifa za mhojiwa mmoja mmoja ziwe siri na zitumike kwa takwimu tu. Nawaombeni wenye biashara mliopo hapa mjaze madodoso hayo kwa wakati, kwa hesabu zilizomo daftarini mwenu.