Baa Kwanza, Cheni Baadaye

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za kazi. Nashukuru kunialika hapa Muheza, maana wamo waliotoka Longuza kwenye mitiki na walioshuka kutoka Shume kwenye misonobari. Kazi ni ile ile.

Chenso, yaani msumeno wa injini, ikianza kukata kwa kupinda, sote tunakimbilia tupa. Tunanoa meno, tunanoa tena, cheni inaisha, na gogo bado linatoka upogo. Mara nyingi cheni inasingiziwa tu. Ni kweli, meno ya upande mmoja yakiwa mafupi chenso huvuta pembeni, lakini ukishayasawazisha na bado inavuta, angalia baa, ule upanga wa chuma ambao cheni huuzunguka.

Zima mashine, toa waya wa plagi, vaa glavu, vua baa. Ondoa uchafu wote mferejini, yaani ule mwanya wa ukingoni mwa baa ambamo cheni hupita, na tundu la oili lizibuliwe. Sasa hii niliyoishika, pitisheni kidole taratibu ubavuni. Mnauhisi ukingo uliochomoza? Chuma kimesukumwa nje na kazi. Kikwanguliwe kwa tupa bapa. Kisha isimamishe baa kwa kingo zake juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ikilala upande, ukingo mmoja umeshuka kuliko mwenzake, na msumeno wako utapinda hata ukiufunga cheni mpya leo.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha rula. Funga cheni, kaza kama kawaida, halafu egemeza rula ubavuni mwa baa ikiwa imegusa jino. Kati ya rula na baa pawe na upenyo mwembamba. Ukikosekana, cheni imelalia upande, mfereji umepanuka. Ila kwanza soma namba iliyogongwa kwenye mkia wa baa: 1.3, 1.5 au 1.6, ndiyo upana wa mfereji kwa milimita. Cheni ya 1.3 ndani ya mfereji wa 1.6 itayumba ingawa vyote ni vipya, na wengi dukani tunachagua kwa macho!

Kina cha mfereji nacho kipimwe. Kwa cheni ya kawaida ya inchi 3/8 (kipimo cha nafasi kati ya viungo vyake), kikishuka chini ya milimita 6 hivi, miguu ya cheni, vile vipande vinavyoingia ndani ya mfereji, inakaribia kugusa sakafu yake. Hapo tupa haisaidii, nunua nyingine.

Kuchelewesha siku hiyo kunawezekana. Upande wa chini ndio unaobeba kazi, basi geuza baa juu chini kila ubadilishapo cheni. Na oili, jamani. Najua ile chafu ya gereji ni rahisi, lakini imebeba vumbi la chuma la injini, haing'ang'anii kwenye cheni, na inaishia mikononi mwenu na ardhini. Mnaokata mitiki mna sababu zaidi, kwa kuwa mbao yake ina silika inayokula chuma. Kabla ya kuanza kazi, elekeza ncha kwenye kisiki kikavu bila kukigusa, peleka mbio kidogo, utazame kama mstari wa oili unaonekana. Usipoonekana, usikate.

Kingo zikigeuka buluu, chuma kimeungua na ugumu wake umepotea.

Haya, wekeni baa zenu hapa mezani. Tuanze na ile ya mzee wangu pale mbele, naona buluu karibu na ncha.