Ada, Vibali na Riba katika Bei ya Nyumba Mpya

Mabibi na mabwana, bei ya nyumba mpya inapojadiliwa, mazungumzo huishia kwenye saruji, nondo, mabati na ujira wa mafundi. Leo naomba tulitazame fungu jingine, ambalo hulipwa mapema na halionekani ukutani: malipo ya mpima ardhi, msanifu majengo na mhandisi, uchunguzi wa udongo, tathmini ya athari kwa mazingira, wanasheria, bima, riba ya mkopo, na ada za serikali kuanzia kibali cha ujenzi hadi kuunganishiwa maji na umeme.

Sizipingi ada hizi zote. Mkaguzi anayepima kina cha msingi kabla zege halijamwagwa analinda uhai wa watu, na ni haki alipwe. Vilevile, mtaa mpya ukichipuka palipokuwa shamba, lazima apatikane wa kugharamia barabara na mifereji. Ninalotaka tulipime ni lini ada inadaiwa, kwa kipimo gani, na nani hasa anayeibeba.

Tuanze na wakati, kwa kuwa hapo ndipo hasara kubwa hujificha. Mjenzi akidaiwa ada siku anapochukua kibali, mara nyingi huilipa kwa fedha za mkopo, kwani hajauza nyumba hata moja. Tuchukue ada ya 100, kwa sarafu yoyote ile, na riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayoongezwa kwenye deni kila mwaka. Ikipita miaka 2 kabla ya nyumba kuuzwa, deni la ada hiyo litakuwa limezidi 125, na serikali haitakuwa imepata hata senti moja ya ziada. Hali ni hiyo hiyo kwa ardhi na michoro: faili likikaa mezani miezi 6 likisubiri sahihi, riba ya fedha zote zilizokwisha kutumika huendelea kukua, ingawa hakuna tofali lililowekwa. Kwa maoni yangu, ucheleweshaji huu ni ada isiyoandikwa popote, nayo ni mbaya kuliko zilizoandikwa, maana haijengi barabara wala haimlipi mkaguzi.

Kipimo nacho kina madhara yake. Ada iliyo sawa kwa kila nyumba, iwe ya chumba kimoja au vitano, humsukuma mjenzi kwenye nyumba kubwa, ambamo ada huwa sehemu ndogo ya bei.

California, nchini Marekani, inatupa mfano wa wazi. Mwaka 1978 wapiga kura walipitisha Pendekezo la 13, lililoweka kikomo cha kodi ya majengo katika asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, na kuzuia thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi mali ibadili mmiliki. Serikali za mitaa zilizopungukiwa mapato zikazidi kuegemea ada za nyumba mpya, na mzigo ukawaangukia watu ambao wengi wao bado hawakuwa wapiga kura wa hapo. George Sheetz, alipotaka kuweka nyumba iliyotengenezwa kiwandani kwenye kiwanja chake katika kaunti ya El Dorado, alidaiwa dola 23,420 kwa ajili ya barabara. Alilipa huku akipinga, akafungua kesi, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa kauli moja kwamba ada haiepuki kipimo cha katiba, yaani kwamba iendane na mzigo ambao ujenzi wenyewe unauleta, kwa sababu tu imewekwa na chombo cha kutunga sheria.

Napendekeza ada ikokotolewe kwa eneo la sakafu, jedwali lake litangazwe kabla mtu hajanunua kiwanja, na sehemu kubwa idaiwe nyumba inapokamilika. Ada ya ukaguzi pekee ilipwe mwanzo, kwa kuwa mkaguzi huanza kazi mapema. Halmashauri zitajibu kwamba hazina fedha za kutanguliza barabara. Hoja hiyo ina uzito, lakini kwa kawaida serikali hukopa kwa riba nafuu kuliko mjenzi, hivyo ikitanguliza yenyewe, jumla anayoilipa mnunuzi hupungua.