Boksi za picha na ile cheki ya mjomba

Haya watu wangu wa Nairobi, mnanisikia? Leo sina wigi wala taa, nimetoka shifti nikapitia maktaba ya chuo kikuu hapa Louisville, Marekani, nikaketi na maboksi ya picha za zamani, wacha niwaambie kabla usingizi unibebe.

Kulikuwa na kampuni ya mafuta, Standard Oil ya New Jersey, wakati wa vita ya pili ikashikwa na skendo, walikuwa na dili na I.G. Farben, kampuni ya kemikali ya Wajerumani, mambo ya mpira wa matairi wa kutengenezwa kiwandani, Wamarekani wakawaka. Sasa 1943 wakamwajiri mzee Roy Stryker, bosi wa wapiga picha, asafishe jina kwa picha. Mimi nilidhani nitaona mabomba na mabosi na tai zao. Wapi! 1945 mpiga picha wake Esther Bubley anatumwa Tomball, kamji ka mafuta huko Texas, analeta picha za kinyozi, duka, watu kanisani. 1947 anapanda mabasi, anapiga picha za abiria tu, mtu amelalia dirisha mdomo wazi kama wewe ukirudi Rongai saa tatu usiku. Na basi si linakunywa mafuta? Kampuni iko ndani ya picha na haionekani, wajanja hao.

Wapiga picha wengine walifika hadi Venezuela. Todd Webb, aliyewahi kupigia Stryker picha, 1958 Umoja wa Mataifa ukamtuma Afrika, akapita Zanzibar, Tanganyika na kwetu Kenya, picha za rangi, miaka 5 kabla ya uhuru, imagini!

Sasa mjomba wangu alifanya kazi Inda, kule viwandani Nairobi, miaka 27, kampuni yao ilikuwa na mpiga picha, kila hafla yuko. Tulipompoteza tukatafuta picha yake akiwa kazini tuweke kwa programu ya mazishi, tukapata moja. Ile ya cheki kubwa ya kadibodi, bosi katikati meno yote nje, mjomba pembeni ameshikilia kona. Mashine yake hakuna, mama chapo wa getini aliyemkopesha lanchi miaka yote hakuna, ile baiskeli nyeusi pia hakuna. Ikabidi tumkate kutoka kwa hiyo picha, lakini cheki haikutoka yote, kwa hivyo kwa programu, karibu na shavu lake, kuna sufuri mbili.

Anti aliziona akasema ziachwe.