Leza, Silikoni Yenye Vinyweleo na Mahali pa Seli Kushika

Waheshimiwa walimu, wanafunzi na wageni mliofika hapa Chiromo, hamjambo.

Fundi anayepamba kibuyu kwa chuma cha moto analijua jambo ambalo mada yangu, yaani kuichora silikoni yenye vinyweleo kwa leza ili seli zishike pale tunapotaka, inalitegemea: joto hubaki pale lilipogusa, na ganda lililo kando ya mstari halibabuki. Bati la mafundi wa Kamukunji halina tabia hiyo, kwani ukilichoma ncha moja joto hulitambaa lote. Silikoni ya kawaida, ile ya paneli za sola na chipu za simu, wala si ile ya kuzibia mabomba, huelekea upande wa bati, maana husafirisha joto kwa kiwango cha wati 150 hivi kwa mita kwa kelvini. Ikijaa vinyweleo, yaani vitundu vyembamba mno, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu 1, nayo ikawa kibuyu.

Vinyweleo hivyo hupatikana kwa kuzamisha bamba la silikoni katika mchanganyiko wa asidi ya hidrofloriki na ethanoli, kisha kulipitishia umeme likiwa upande chanya. Arthur na Ingeborg Uhlir waliviona mwaka 1956 katika maabara za Bell, Marekani, walipokuwa wakitafuta namna ya kulilainisha bamba. Mwaka 1990 Leigh Canham wa Uingereza alionyesha kwamba silikoni hiyo hutoa mwanga mwekundu, na mwaka 1995 akaonyesha kwamba madini yanayofanana na ya mfupa huota juu yake katika kimiminika kinachoiga maji ya damu. Asidi yenyewe naomba muiogope: hupenya ngozi, wakati mwingine bila maumivu ya papo hapo, ikaifuata kalisi mwilini, hula kioo, kwa hiyo hutiwa katika vyombo maalumu vya plastiki, na jeli ya kalisi glukoneti, dawa ya kupaka pale asidi ilipogusa, iwe mezani kabla chupa haijafunguliwa.

Bamba likitoka kwenye asidi, kuta za vinyweleo huwa zimevikwa atomu za hidrojeni. Vazi hilo si la kudumu. Hewani oksijeni hulivamia polepole, na katika maji ya mwili kuta huyeyuka zikawa asidi ya silika, ambayo figo huitoa. Kwa dawa iliyotiwa ndani ya vinyweleo na inayotakiwa kuachiliwa taratibu, uyeyukaji huo ni neema. Kwa kifaa cha kupimia kilichotengenezwa kwa silikoni hiyo na kinachopaswa kusomwa kwa saa kadhaa, ni hasara. Ndiyo maana hidrojeni hubadilishwa kwa molekuli zinazoshikamana na silikoni kupitia kaboni, kifungo ambacho maji hayakivunji kwa urahisi.

Leza huingia hapa kama kile chuma cha fundi. Bamba lililofunikwa kwa kimiminika chenye molekuli zinazofaa humulikwa kwa mwale mwembamba, na ubadilishaji hutokea pale mwale ulipopita tu. Likimulikwa hewani, mahali hapo huwa oksidi, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, ambayo baadaye hupokea molekuli za kushikia kingamwili au protini zinazovuta seli. Nguvu ya mwale ikizidi, vinyweleo huungana na kuziba muda mrefu kabla ya kufika nyuzi 1414 za Selsiasi ambapo silikoni huyeyuka, na uso unaopatikana hauna tena eneo kubwa la ndani tulilolitafuta.

Kwa maoni yangu, wengi wetu tunavutiwa mno na mchoro na tunasahau sehemu isiyochorwa. Protini hunata karibu kila mahali, kwa hiyo mstari wa seli hautasimama kama eneo la pembeni halikuvikwa kitu kinachozikataa, kwa mfano polietilini glikoli, molekuli ndefu zinazopenda maji. Ningemshauri mwanafunzi atumie nusu ya muda wake kwenye eneo hilo tupu.

Kipande ninachokizungusha sasa kimepitishwa leza hewani, na sehemu iliyosalia imevikwa molekuli zisizopenda maji. Kishikeni kwa koleo, mkipulizie pumzi ya joto taratibu: mvuke utatanda kama utando mwangavu juu ya oksidi, lakini pembeni utasimama kwa matone meupe, na mchoro utajitokeza kwa sekunde chache kabla ya kukauka.