Usinihesabie Vichwa, Nionyeshe Madume

Asante, mwenyekiti. Wengine hapa mmeshanisikia nikilia na jambo hili, la namna tunavyopima hatari ya aina za mifugo kutoweka, na naona mnatabasamu kabla sijaanza. Sawa. Nitanyamaza siku ripoti zitakapoacha kuandika sentensi ile ile: kondoo wa aina fulani wamebaki majike elfu saba, kwa hiyo hawako hatarini. Jalada linafungwa. Mimi nauliza, hao majike elfu saba wanapandwa na nani?

Jedwali la FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mnalijua, lile la mwongozo wa 2013. Kwa kondoo na mbuzi, majike wazazi wakiwa 300 kushuka chini, aina hiyo ni mahututi. Hadi 3,000 iko hatarini. Hadi 6,000 inatia wasiwasi. Sina ugomvi na jedwali. Lina safu ya madume pia: 5, 20 na 35. Ugomvi wangu ni kwamba safu hiyo hujazwa kwa kukisia au huachwa wazi, kisha watu wanasoma ya majike peke yake na kulala usingizi.

Hebu tupige hesabu hapa hapa, wenye simu toeni simu. Kanuni ni ya Sewall Wright, mtaalamu wa jenetiki, ya zamani na rahisi: zidisha madume kwa majike, zidisha kwa nne, gawa kwa jumla yao. Kundi la kwanza lina majike 1,000 na madume 5. Mmepata ngapi? Ishirini, tena haijatimia. Kundi la pili lina majike 50 na madume 50. Mia moja. Kwa hiyo kundi la vichwa mia lina akiba ya damu mara tano ya kundi la vichwa elfu moja na tano! Hiyo ndiyo tunayoiita idadi fanisi. Ikiwa 20, undugu ndani ya kundi unapanda kwa asilimia 2.5 kila kizazi. Kwa kawaida tunataka usizidi asilimia 1, yaani idadi fanisi isishuke chini ya 50.

Najua kuna anayenung'unika: nani anafuga madume hamsini kwa majike hamsini? Hakuna. Wangemaliza malisho na kupigana vichwa mchana kutwa. Wala sijasema mfanye hivyo. Chukua majike 200 na madume 20, piga hesabu, unapata karibu 73. Hilo linafugika.

Na kanuni yenyewe ina huruma kupita kiasi, maana inadhani kila dume ana zamu sawa. Ingia zizini uone. Beberu mmoja mwenye shingo nene anawafukuza wenzake, anapanda karibu majike wote, na msimu unaofuata wanaoachwa wawe mabeberu ni wanawe, kwa sababu wamefanana naye. Au inatokea kinyume chake, ambayo ni mbaya vilevile: dume anayekua haraka ndiye anayefikia uzito wa kuuzwa mapema, basi anauzwa. Msimu wa kupandana ukifika, anayebaki ni yule ambaye mchinjaji alimtazama akamwacha. Huyo ndiye baba wa kizazi kijacho. Kwenye ripoti anahesabiwa dume mmoja, sawa na mwingine yeyote.

Sasa nije kwa kondoo Mwekundu wa Kimaasai, na hapa nitakaa, mwenyekiti anisamehe. Huyu ni kondoo wa Kenya na Tanzania, mwenye mkia wa mafuta na manyoya mafupi ya rangi ya kahawia nyekundu. Kuanzia miaka ya 1970 wafugaji wa Kenya walihimizwa kupandisha kwa madume wa Dorper, kondoo aliyetengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na Persian mwenye kichwa cheusi. Dorper ni mkubwa, mwili mweupe, kichwa cheusi, anapendeza machoni. Chotara wa kwanza walikuwa wazuri kweli, sibishi. Basi wakapandishwa tena kwa Dorper, na tena.

Hapo ndipo minyoo ikaingia katika hesabu. Mnyoo aitwaye Haemonchus hukaa tumboni mwa kondoo na kunyonya damu. Ukishusha kope ya chini ya kondoo aliyeshambuliwa, badala ya wekundu unaona weupe kama karatasi, na chini ya taya kuna uvimbe wa maji. Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliwalinganisha kondoo hawa wawili kwenye pwani ya Kenya katika miaka ya 1990. Wekundu walitoa mayai machache ya minyoo kwenye kinyesi, damu yao haikushuka sana, na wanakondoo wao walikufa wachache kuliko wa Dorper. Kule kwenye unyevu, kundi zima likipimwa kwa linachozalisha, mdogo alimshinda mkubwa mbali sana. Kwenye nchi kavu zaidi tofauti hiyo karibu haikuonekana. Nalisema hili ili asitoke mtu hapa akidai nimesema Dorper ni mbaya kila mahali.

Lakini angalieni kilichotokea kwenye hesabu ya vichwa wakati wa uchotara. Jike Mwekundu akipandwa na Dorper hafi. Mwaka huu yupo, mwakani yupo, anaandikwa. Sema una majike safi 7,000, wote wanapandwa na madume wa kigeni. Jedwali likisomwa kwa safu moja, aina iko salama. Ila hakuna hata mwanakondoo mmoja safi anayezaliwa, na majike hao wakizeeka, ndani ya miaka michache aina imekwisha bila hata mnyama mmoja kuugua. Kwa hiyo mtakwimu akifika zizini asianze na kuhesabu. Atazame mikia ya wanakondoo. Mkia wa mafuta ukianza kukonda na vichwa vyeusi vikaanza kuonekana, hatari imeshaingia, hata mama zao wakiwa wengi kiasi gani.

Atatokea mwenzetu mmoja aseme soko limeamua, aina isiyolipa na iende. Soko hulipa kilo. Halilipi ng'o kwa dawa za minyoo ambazo mfugaji hakuzinunua, na hata dawa hizo minyoo wameshaanza kuzizoea. Mwingine atasema tugandishe mbegu, yaishe. Gandisheni, naunga mkono. Ila mbegu za madume watano zilizogandishwa ni madume watano waliogandishwa, na bado utahitaji majike wa kuwahimilisha.

Muda unakwenda, haya mengine nayapitia mbio. Mahali. Kondoo wa Herdwick wa milima ya Cumbria, Uingereza, hawakuwa wachache, lakini karibu wote walikuwa eneo moja. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia mwaka 2001, eneo hilo hilo ndilo lililopigwa zaidi. Kondoo wale hufundishwa na mama zao mipaka ya malisho mlimani pasipo uzio. Ukichinja kundi zima, unaweza kununua kondoo wengine, lakini hawatajua mlima. Ni hatari hiyo hiyo ya kukaa mahali pamoja iliyofanya kondoo wa North Ronaldsay, kisiwa cha Scotland, wanaokula mwani ufukweni, watafutiwe kisiwa cha pili mapema, mwaka 1974. Katika kila tathmini weka swali hilo: wako katika eneo la ukubwa gani?

Sera. Nchi ikiamua kuchagua madume kwa jeni moja tu, kama ilivyokuwa Ulaya kwa ajili ya skrepi, ugonjwa wa ubongo wa kondoo, aina yenye madume wachache inaweza kupoteza nusu yao kwa barua moja ya serikali. Hili lingehitaji saa yake.

Na la mwisho, takwimu zenyewe. Ripoti ya pili ya FAO, ya 2015, ilisema asilimia 17 ya aina za mifugo duniani ziko hatarini, na asilimia 58 hali yake haijulikani. Magazeti yalichapa 17. Mimi hiyo 58 ndiyo inayoninyima usingizi, kwa sababu kwenye ramani nyingi nafasi isiyo na takwimu hupakwa rangi ile ile ya usalama. Vipimo vya jeni naviacha, viko kwenye karatasi mlizogawiwa. Maswali.